Kwenye Asidi Hakuna Shikamoo

Vijana wa maabara yangu wananiita Mama Mkauzu, na wanadhani sina habari. Habari ninayo, na wala hainisumbui. Jina hilo limetokana na tabia yangu moja: nikiwa nimeinama kwenye hadubini, kioo kibichi mkononi, mtu akaingia akanisalimia, siitikii. Awe mkurugenzi, awe padri, awe mgeni aliyetoka Mtwara na korosho zake, atasimama hapo hapo mpaka nimalize. Nikimaliza nitageuka, nitanawa mikono, nitampa salamu yake yote na nyongeza juu, na akitaka chai nitampa. Kabla ya hapo hanipati. Mwezi uliopita tulimzika Bi Salama kule Temeke, na siku ya khitma yake, tukiwa tumekaa kwenye jamvi tukisubiri pilau, binti mmoja ninayemfundisha kazi akaniuliza kwa sauti ya chini na kwa adabu nyingi, hivi mama, tabia hii uliitoa wapi. Nikamwambia niliitoa kwa huyu huyu tuliyekuja kumwombea. Akacheka akidhani namtania. Kwa kuwa pilau lilichelewa nilianza kumsimulia, lakini sahani zikafika nikiwa katikati, na mbele ya pilau la khitma hakuna hadithi inayofika mwisho. Hapa naimaliza.

Mwaka ninaousema nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, nina cheti kipya cha maabara na kiburi cha kunitosha, nimepewa mwaka mmoja wa majaribio katika maabara ndogo ya binafsi pale Kipawa. Kazi yetu ilikuwa moja: kupima vinyama. Mtu anakwenda hospitali na uvimbe au maumivu yasiyoeleweka, daktari anamkata kipande kidogo, ndicho kinyama chenyewe, kinatumbukizwa kwenye kichupa cha dawa, na ndugu wa mgonjwa anakabidhiwa akipeleke mwenyewe kupimwa. Watu walikuwa wanaingia kwetu na nyama ya mama yao ndani ya mfuko mweusi wa nailoni, wameushika kwa mikono miwili. Sisi tulikigandisha kile kinyama kwenye nta, tukakikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, tukavilaza juu ya kioo na kuvitia rangi, halafu daktari wetu alikuja alasiri kuvisoma. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili na ujia, imebanwa kati ya duka la dawa na saluni ya wanawake. Kwa joto la Dar nta ilikuwa inalainika na kukataa kisu, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka barabara kununua barafu kwa muuza sharubati, tukaiweka nta juu yake hadi ikaze. Ndege zilipita juu ya paa letu, na kila ikipita moja, maji ya uvuguvugu yaliyobeba vipande vya nta yalitetemeka, Bi Salama akasubiri na brashi yake mkononi hadi kelele ziishe. Ukuta wa upande wa saluni ulikuwa wa mbao nyembamba na tulisikia kila kitu: nani kaachika, nani kaolewa mke wa pili, rangi gani ya nywele inababua kichwa. Sisi walituita watu wa bucha. Siku moja mteja mmoja akasema, hao wa bucha wana roho ngumu, mie hata nipewe nini siwezi. Bi Salama akagonga ukuta akawaambia tunawasikia, na saluni nzima ikaangua kicheko.

Bi Salama ndiye alikuwa fundi mkuu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Temeke, na wazazi wake wazaliwa wa Temeke, mtu wa pwani hasa, koti jeupe juu ya dera na baibui limetundikwa nyuma ya mlango. Mchana tulitandika mkeka kwenye ujia, mbali na madawa, tukala. Yeye alikuja na mihogo ya nazi, au wali na samaki wa kupaka, na mimi na ugali wangu uliopoa na dagaa wachache. Alikuwa anafunua bakuli langu, analitazama, analifunika tena. "Nyie watu wa bara chakula mnakila kama mmepewa adhabu," aliniambia, kisha akanigawia nusu ya chake bila kuniuliza. Kiswahili changu nacho hakukionea huruma. Kila niliposema nilikuwaga, alinikatiza kuniuliza namuaga nani na anasafiri lini. Nilicheka, lakini hadi leo neno hilo likinitoka nageuka nyuma kutazama kama yupo. Mengi ya kazi hii nimeyajua juu ya mkeka ule, mdomo umejaa mihogo, naye akinichorea kwa kidole kwenye sakafu jinsi nyama ya ini inavyojipanga.

Rangi za kawaida nilizijua tangu chuoni. Alichonifundisha yeye ni ile tuliyoiita rangi tatu, ya kutazamia nyuzi, yaani tishu unganishi inayoishikilia nyama isimomonyoke. Ini likiumia hujishona kwa nyuzi hizo, na zikizidi ini linageuka kovu tupu. Kwa rangi ya kawaida nyuzi na nyama vyote vinaonekana waridi, huwezi kuamua kesi. Kwa rangi tatu, viini vya seli vinakuwa vyeusi, nyama nzima isiyo na kovu inabaki nyekundu, na kovu linakuwa bluu. Ni kazi ya nusu siku na karibu yote ni subira tu, isipokuwa hatua moja. Unaanza kwa kutia nyekundu, nayo inashika kila kitu. Kisha unatumbukiza kioo kwenye asidi, na asidi inaitoa nyekundu kwenye nyuzi ili bluu ipate pa kukaa. Ukikitoa mapema, kovu linabaki jekundu na daktari ataona ini zima. Ukichelewa, asidi inaendelea kula, nyama nzima nayo inapauka, bluu inaingia kila mahali, na daktari ataona kovu kwa mtu asiye na kovu. Saa haisaidii, maana asidi ya leo si ya jana na joto la asubuhi si la mchana. Unakitoa, unakitazama kibichi kwenye hadubini, unakirudisha, unakitoa tena. Siku hizi tunayo mashine inayotia rangi za kawaida yenyewe, nami naishukuru, lakini rangi tatu bado naitia kwa mkono, na vijana wangu watajifunza hivyo hivyo wapende wasipende.

Sasa zifikirie salamu zetu. Shikamoo si neno moja. Ukishaitoa umefungua mlango: marahaba, hujambo, za nyumbani, wazee hawajambo, poleni na kazi, na joto hili mwalionaje. Na ukimkatisha mtu mzima katikati umemkosea kuliko ambaye hakusalimia kabisa. Miaka kabla sijafika, mjomba wake Bi Salama alipita kazini kumjulia hali, akamjulia hali kikamilifu, na kioo kilichokuwa kwenye asidi kikatoka cheupe. Tangu hapo akaweka sharti, akanisomea siku ya kwanza kabla hata sijavaa koti. "Kwenye asidi hakuna shikamoo. Akija rais, hakuna. Nikija mie mwenyewe nimetoka Makka, hakuna." Ruhusa ilikuwa moja tu, kuinua mkono kama una mkono wa kuinua. Na huyu ni mwanamke aliyeshika dini, aliyeamini kuwa salamu kuitikiwa ni wajibu. Nilimuuliza siku moja anajisikiaje. Akajibu kuwa Mungu anamwona alipo, na anaona ameshika nini.

Katikati ya mwaka ule akaja Mzee Mchopa. Alikuwa mchongaji wa vinyago vya mpingo, mtu wa Newala aliyehamia Tabata siku nyingi, na ndani ya mfuko mweusi alikuwa na kinyama cha binti yake Somoe, uzi mwembamba wa ini uliotolewa kwa sindano. Somoe alikuwa rika langu. Macho yalikuwa yamemgeuka manjano na tumbo limejaa, na madaktari wake walitaka kujua jambo moja: ini lina ugonjwa ambao dawa zinauweza, au limekwisha kuwa kovu na hakuna la kufanya. Baba mtu alilijua swali hilo barabara, akawa anapita mara kwa mara kuulizia. Akija, mimi nilikuwa nainuka, napiga goti kidogo kama nilivyolelewa, nampa shikamoo yake, naye anafurahi sana. Alikuwa anasema watoto wa Dar siku hizi wanasalimia kwa nyusi. Nilikuwa nimepanga chumba Tabata vilevile, si mbali na banda lake la kuchongea, na alipojua hilo akaacha kuniita sista, akaanza kuniita mwanangu. Nilimpenda yule mzee. Alipoondoka kiti kilibaki na vumbi jeusi la mpingo, nami sikulifuta haraka.

Daktari wetu alikisoma kinyama kwa rangi ya kawaida akasema hawezi kuapa, akataka rangi tatu. Uzi ule wa ini ulikuwa mdogo, na ndani ya nta vilikuwa vimebaki vipande viwili vya maana. Bi Salama alivikata mwenyewe. Kimoja kilibanduka kwenye kioo wakati wa kuoshwa kikaenda na maji, hakuna aliyekosea, hutokea. Kikabaki kimoja. Asubuhi iliyofuata, siku ya Ijumaa, ukaja ujumbe wa msiba kwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, msiba ambao huwezi kuukosa kisha ukaendelea kuishi Temeke. Bi Salama akavaa baibui, akasimama mlangoni akanitazama, akasema kioo kile nitie rangi mimi, daktari asije akakosa cha kusoma. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo mara nyingi mbele ya jicho lake na nilijua naiweza. Naliandika hilo bila haya, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mchana ulikuwa wa joto na mlango niliuacha wazi. Nyekundu ilishika vizuri. Nikatumbukiza kioo kwenye asidi, nikakitoa, nikatazama, nyuzi bado nyekundu. Nikarudisha. Nikatoa tena, bado kidogo. Mara iliyofuata nilikuwa nimeinama, kibano mkono wa kulia, mkono wa kushoto kwenye hadubini, nikaona nyuzi zinaanza kufifia pembeni mwa ini na nyama ingali nyekundu kabisa, na hapo ndipo nikasikia hodi. Sauti niliijua. Akapiga hodi ya pili, akaingia, viatu vyake vikasimama nyuma yangu. Akasema hujambo mwanangu. Sikuitikia, na mkono wa kuinua sikuwa nao. Upande wa pili wa ukuta wanawake wa saluni walikuwa wanabishana juu ya sare ya harusi. Mzee Mchopa akasogea hatua moja. "Leo hata salamu, mwanangu?" Kioo kilikuwa kinarudi kwenye asidi kwa mara ya mwisho, na nilijua kuwa nikifungua mdomo nitageuza na uso, maana sikufundishwa kumsalimia mtu mzima nimempa kisogo. Nikanyamaza. Akasubiri kidogo. Kisha akasema, "Basi. Nimeelewa," na viatu vikatoka.

Alichokielewa nilikijua nilipokwisha kutia bluu na kuketi. Kwetu, mtu anayekujua na anayekupenda akishindwa kukutazama usoni, akashindwa hata kukusalimia, huyo ana habari ya msiba mdomoni. Niliruka nikakimbilia barabarani na koti la maabara mwilini. Muuza sharubati akaniambia mzee amepita zamani, kofia mkononi, na alipomsalimia hakujibu. Moyo uliniuma, na maumivu yale nayakumbuka hadi upande yalipokaa. Lakini watu wakisikia kisa hiki husubiri niseme najuta, nami siwapi raha hiyo. Kioo kilikuwa kimoja. Ningegeuka kumpa baba mtu heshima yake, ningemharibia mtoto wake, na ningekuwa na adabu nzuri mpaka leo. Kama ni leo, ningenyamaza tena.

Alasiri daktari akaja. Alitazama kwa muda mrefu, akasogeza kioo huku na huku, akatuita mimi na Bi Salama, aliyekuwa amekwisha kurudi, tuangalie. Nyama ilikuwa nyekundu kote, na bluu nyembamba kandokando tu. Akasema kovu ni kidogo, huyu dawa zitamfaa, ataandika majibu yafike hospitalini Jumatatu. Bi Salama alikuwa bado ananukia udi wa msibani, na daktari alipouliza nani ametia rangi ile, yeye alinionyesha kwa mdomo na kuendelea kuosha vioo, ambayo kwake ilikuwa sifa kubwa. Daktari alipotoka nikamweleza habari ya Mzee Mchopa. Akaacha kuosha. Akasema ningeinua mkono, nikamwambia mikono yote ilikuwa kazini. Akafikiri, akasema basi nilifanya sawa, na kesho asubuhi niende Tabata kwa yule mzee. Nikamkumbusha kuwa majibu si yetu kutoa, ni ya daktari wa mgonjwa, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo.

"Nani kakutuma majibu?" akasema Bi Salama. "Wee unakwenda kusalimia."

Kesho yake niliikuta nyumba ya mzee imejaa watu. Hakukuwa na msiba, lakini mambo yote ya msiba yalikuwa yameanza. Uani, kati ya magogo ya mpingo, wanawake walikuwa wanamenya viazi, birika kubwa la chai liko mekoni, mabegi yamefungwa kwa kamba na kupangwa ukutani. Nikiwa bado mlangoni niliwasikia wanaume wawili wakizungumza kuhusu basi la Jumapili la kwenda Newala. Mmoja akasema mgonjwa alazwe kiti cha nyuma. Mwingine akauliza, hospitali si walimwambia arudi Jumatatu, akajibiwa ya nini kumtesa mtoto, mzee amekwisha kuona kwa macho yake, acha akafie kwao. Shangazi wa Somoe, mwanamke mnene mwenye uso mchangamfu uliokuwa umevimba kwa kulia, alinipokea akidhani mimi ni shoga wa mgonjwa. Akanivuta kando akaninong'oneza kuwa Somoe yuko chumbani amelala, hajui kitu, wamemwambia anakwenda kupunga upepo tu, tafadhali nisije nikalia mbele yake.

Mzee Mchopa alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mitupu juu ya magoti. Nikaenda mbele yake nikapiga magoti yote mawili, mchangani. Nikasema shikamoo baba. Hakuitikia. Visu vya viazi vilinyamaza, na watu wote wa ua ule wakanitazama mimi na kumtazama yeye.

"Jana hukuwa nayo," akasema.

"Jana nilikuwa na nyama ya mwanao kwenye asidi, baba. Ningekusalimia, ningeiunguza."

Hakuelewa, na angeelewaje. Nikamweleza pale pale nikiwa nimepiga magoti: nyekundu inayoshika kila kitu, asidi inayoitoa, bluu inayokaa kwenye kovu, kioo kilichobaki kimoja, na kwa nini fundi wangu amekataza salamu. Nilisema yote kwa sauti, sikuweza kunong'ona. Yeye alikuwa anatazama vidole vyangu, vilivyokuwa bado na madoa ya jana. Nilipomaliza, shikamoo yangu ilikuwa bado imekaa pale kati yetu, haijaitikiwa. Ndipo sauti ikatoka chumbani, nyembamba lakini kavu.

"Baba, mwitikie."

Akafungua mdomo, marahaba ikatoka nusu, akairudia, marahaba mwanangu, kisha akavua kofia akajifunika nayo uso. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Sauti ya chumbani ikauliza, "Na dada, hiyo yangu ikatoka rangi gani?"

Rangi si majibu, nilijiambia. Hakuna aliyewahi kunikataza kutaja rangi. "Nyekundu," nikajibu, kwa sauti ya kupita ukutani. "Bluu ni uzi tu, pembeni. Nendeni kwa daktari wenu Jumatatu, kabla ya safari yoyote." Kitanda kikalia ndani. Tukasikia nyayo zikiburuzwa, pazia likasogea, na Somoe akasimama mlangoni ameshikilia fremu, macho yake ya manjano yamefumbuka vizuri. Akayatazama mabegi. Akawatazama wajomba zake wawili wenye habari za basi. Mwisho akamgeukia shangazi yake.

"Shangazi," akasema, "ile doti yangu ya khanga nirudishie. Nilikupa kwa sababu nilikuwa nakufa."